Muluzi, kabaila, muungwana: mtu wa ukoo wa kitawala ni nani hasa, na cheo cha kurithi kina kazi gani?

Fundi wa Kadutu (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, wa hapa Bukavu na walio mbali. Juzi jioni umeme ulikuwa umekatika, nami nilikuwa ninamalizia pindo la suruali kwa mwanga wa simu, ndipo mwanangu anayesoma sekondari aliponijia na daftari lake la historia. Wamefundishwa Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na yale matabaka matatu ya watu wa enzi hizo: mapadri, watu wa « noblesse », na raia wengine wote. Mwalimu amewaagiza waeleze neno hilo la pili kwa lugha wanayoisema nyumbani. Mtoto akaniuliza: "Baba, hao ni baluzi kama wajomba wa mama?"

Sikuwa na jibu. Mama yake ametoka kwa baluzi wa Ngweshe, yaani watu wa koo za wakuu huku Bushi, na mimi nimetoka kwa watu waliowalimia. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, mjomba mkubwa wa mke wangu alisimama na fimbo yake, akataja mababu saba mfululizo bila kukohoa, kisha akasema kwamba nyumba yao haijawahi kumpa binti mtu wa cherehani. Baada ya hapo akawapokea ng'ombe. Majina ya mababu yalinitoka kichwani kabla chakula hakijaletwa, lakini hilo neno la cherehani ninalo mpaka leo.

Nimepima maneno ya Kiswahili kama ninavyopima kitambaa, na kila moja linabana mahali fulani. "Kabaila" linanukia siasa za Tanzania na mashamba ya watu wengine. "Mwinyi" ni la pwani, na siku hizi "umwinyi" ni tabia ya mtu anayetaka kutumikiwa huku amekaa. "Muungwana" ni zuri, ila tunamwita hivyo hata dereva wa pikipiki aliyerudisha simu uliyoisahau. "Muluzi" (wengi wao ni baluzi) ni neno la Mashi, lugha ya Bushi, na sijui kama linaweza kumvaa Mfaransa. Naomba msaada wenu: mtu huyo ni nani, na alikuwa na kazi gani katika nchi zaidi ya kuzaliwa?

Mwalimu wa Nguba

Ndugu Fundi, swali la mtoto ni kubwa kuliko daftari lake. Nitaanza na asili ya neno lenyewe. Kilatini *nobilis* maana yake ya kwanza haikuwa damu wala ardhi. Ilikuwa "mtu anayejulikana". Huko Roma waliitwa hivyo watu wa nyumba ambazo zilikwisha kumtoa konsuli, yaani mkuu wa dola aliyechaguliwa kwa mwaka mmoja. Aliyekipata cheo hicho bila babu aliyekitangulia waliita "mtu mpya", na Cicero, konsuli wa mwaka 63 kabla ya Kristo, ndiye mfano wake mashuhuri. Kwa hiyo mwanzoni babu alifanya jambo, jambo likajulikana, na mjukuu akarithi kule kujulikana. Mjomba wa mkeo alipotaja mababu saba alikuwa akifanya jambo ambalo Mroma angelielewa bila mkalimani.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu huko cheo kilishikamana na kodi. Mtu wa ukoo bora hakulipa ile kodi kuu ya moja kwa moja iliyowalemea wakulima, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba yeye hulipa kwa damu yake vitani. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki wakati wapanda farasi wenye silaha zao wenyewe walipokuwa ndio jeshi. Ilipoteza mantiki mfalme alipoanza kuajiri askari wa mshahara, lakini msamaha wa kodi ukabaki. Tena vyeo viliuzwa: mfanyabiashara tajiri alinunua nafasi ya uhakimu au ya ukatibu wa mfalme, na tangu 1604, kwa kulipa ada ya kila mwaka, mwenye nafasi kama hiyo aliweza kumwachia mwanawe. Ndivyo walivyotokea wakuu wa joho kando ya wakuu wa upanga, na wale wa upanga wakawadharau wa joho, ingawa baadhi ya wa upanga walikuwa na madeni hadi shingoni.

Hapa nakuchokoza kidogo, Fundi. Sheria na desturi za Ufaransa zilisema kwamba mtu wa ukoo bora akifanya kazi ya mikono au biashara ya rejareja, anaupoteza ubora wake. Angeliruhusiwa kutengeneza kioo kwa kukipuliza, au kufanya biashara ya bahari, lakini asingeliruhusiwa kushika sindano yako.

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 walizifuta haki hizo za upendeleo, na tarehe 19 Juni 1790 wakaufuta ukuu wa kurithi wenyewe pamoja na majina yake ya heshima. Mwanao aandike tarehe hizo mbili. Mwalimu wake atafurahi.

Fundi wa Kadutu

Nashukuru, Baba Mwalimu. Sindano nimeisikia. Lakini bado sijajua niandike neno gani.

Mkaaji wa Katuba

Salamu kutoka Lubumbashi. Samahani kwa kuingia katika mazungumzo ya watu wa Kivu, ila neno "muungwana" mnalipita haraka mno, na ninyi ndio warithi wake.

Kumbukeni kwamba Kiswahili hiki cha mashariki ya Kongo kiliandikwa na Wazungu kwa jina la Kingwana, yaani lugha ya Waungwana. Waungwana hao ni watu waliofuatana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, na wenzake mpaka Maniema, mashariki ya Kongo, katika karne ya 19. Pwani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye nasaba, kinyume chake akiwa mtwana, mtumwa. Lakini wengi waliojiita Waungwana huku bara hawakuzaliwa na nasaba yoyote ya pwani. Walikuwa vijana wa hapahapa, wengine walitekwa utotoni, wakapewa bunduki, wakavaa kanzu, wakasali, wakajifunza lugha, na siku moja wakamwita jirani yao wa jana mshenzi. Cheo cha kuzaliwa kilivaliwa kama nguo. Fundi atanielewa.

Na angalia kilichofuata. Kati ya 1892 na 1894 Dola Huru ya Kongo ilipigana vita na mabwana wa Waungwana hao, na afisa aliyeongoza vita hivyo, Francis Dhanis, alipewa na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, cheo cha ubaroni mwaka 1894. Yaani Waungwana wa Maniema walivuliwa uungwana wao ili mtu mmoja Ubelgiji avikwe wa kwake. Katiba ya Ubelgiji hadi leo inamruhusu mfalme kutoa vyeo vya ukuu, kwa sharti kwamba visiambatane na upendeleo wowote wa kisheria. Ni jina tu, lakini jina hilo lina watu wanaolitamani.

Huku Katanga, hata hivyo, tuna jambo ambalo sijalisikia Ulaya. Kwa Walunda, anayerithi cheo harithi mali na jina peke yake; anarithi mtu mzima. Mwant Yav, yaani mfalme wao, akiwa mpya anakuwa Mwant Yav wa kwanza. Na kama mwenye cheo fulani wa zamani alikuwa mjomba wa mwenye cheo kingine, warithi wao watabaki mjomba na mpwa hata baada ya vizazi kumi. Nimeona kwa macho yangu, katika msiba mmoja, mzee mwenye mvi akimpigia makofi ya heshima kijana wa miaka thelathini hivi na kumwita "mjomba", na hakuna aliyecheka. Kijana yule hakuwa amepewa heshima yake binafsi. Aliketi kwenye kiti chenye undugu wake chenyewe. Basi mimi nasema cheo cha kurithi si damu: ni kiti, na damu ni njia ya kumtafuta wa kukikalia.

Mulega wa Mwenga

Nimesoma yote kwa utulivu, na sasa nina neno, kwa sababu ninyi nyote mnazungumza kana kwamba ukuu lazima ushuke kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na tofauti ni maelezo tu.

Ukitoka Bukavu kwenda Mwenga hufiki mbali kabla ya kuvuka mpaka ambao haukuchorwa kwenye ramani. Upande wa Bushi, *mwami* ni mmoja, ni mfalme, amezaliwa. Wazee wa Bushi husimulia kwamba mrithi wa kweli hutoka tumboni akiwa amefumba mbegu kiganjani. Upande wetu wa Bulega, neno ni lilelile, lakini bwami ni chama cha madaraja, na wenye bwami ni wengi. Hatukuwa na mfalme. Mtu alipanda daraja baada ya daraja, akiwa na mkewe, mpaka wachache wakafika kindi, daraja la juu kabisa. Na mke wa mtu wa kindi naye alikuwa na daraja lake la juu, akiitwa kanyamwa.

Alipandaje? Kwanza kwa kukusanya mali, fedha ya makombe na vyakula, lakini si kwa kuilimbikiza, kwani yote hugawiwa siku hiyohiyo kwa waliokusanyika, mchoyo hapandi. Pili kwa ndugu zake kukubali kumchangia, na ndugu hawamchangii mtu wa ugomvi. Tatu kwa kufundishwa. Marehemu baba yangu alinieleza jinsi mwalimu wao alivyoweka mkekani kitu kimoja, labda gamba la kakakuona, labda sanamu ndogo ya pembe ya ndovu iliyong'aa kwa kupakwa mafuta, akacheza mbele yake, akaimba methali moja, na mwanafunzi akatakiwa aseme ni tabia gani ya binadamu inayooneshwa: mlevi, mchongezi, mzee asiyejua kunyamaza. Kofia na mkufu vilikuja baada ya hayo. Aliyevivaa vibaya alivuliwa.

Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho katika miaka ya 1940. Ilitaka mtu mmoja wa kumpigia kelele kuhusu kodi na barabara, si watu mia wenye hekima. Na sanamu zile leo zimo katika makabati ya kioo ya majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Kwa hiyo, Fundi, mwambie mtoto kwamba hapa kwetu Kivu ya Kusini peke yake swali lake lina majibu mawili yanayotumia neno moja. Kuna bwami wa kuzaliwa na bwami wa kupanda. Uungwana ni vitendo, Waswahili walisema, na Balega waliujengea ngazi.

Mwalimu wa Nguba

Mzee wangu wa Mwenga, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini niruhusu niulize: je, mtoto wa mtu wa kindi hakuwa na njia nyepesi kuliko mtoto wa mtu asiye na daraja?

Mulega wa Mwenga

Alikuwa nayo, Mwalimu, siwezi kukudanganya. Vitu vya marehemu wa kindi vilibaki katika ukoo vikimngoja ndugu atakayepanda, na ukoo uliokwisha kuwa na kindi ulijua nani wa kumwita na nini cha kuandaa. Lakini ilibidi apande. Hiyo ndiyo tofauti ninayoishikilia.

Binti Walungu

Mimi ni muluzi, na nimekaa kimya mpaka sasa nikisikiliza mnavyotupima.

Kaka Fundi, maneno ya mjomba wa mkeo yalikuwa mabaya, nami nakuomba radhi kwa niaba ya wajomba wote wanaohesabu mababu kabla ya chakula. Lakini kuna kitu katika cheo chetu ambacho hakijatajwa hapa, nacho ndicho kilichokuwa mwili wake: kalinzi.

Kwa wasiotoka Bushi nitaeleza. Ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mwami. Yeye aliwapa wakuu wa milima, wengi wao baluzi, nao wakawapa watu. Mtu aliyetaka shamba la kudumu alimletea mkuu ng'ombe, na baadaye ikawa mbuzi au fedha pia. Hiyo ndiyo kalinzi. Ng'ombe huyo si bei. Ni kamba. Tangu siku hiyo mtu yule na watoto wake walikaa juu ya ardhi hiyo, wakapanda migomba na miti, wakazika watu wao humo. Nao walimletea mkuu sehemu ya mavuno na siku kadhaa za kazi. Asiyekuwa na ng'ombe alichukua bwasa, yaani shamba la msimu, ambalo unalipanda maharage au muhogo lakini hukuruhusiwa kuotesha mgomba hata mmoja, kwa sababu mgomba ukishaota unasema "nakaa hapa". Na mkuu naye alifungwa na ile kamba. Aliwajibika kumtetea mtu wake mbele ya mwami, kumpa mbegu mwaka wa njaa, kumwazima maziwa mjane wake. Aliyepokea ng'ombe kisha akamfukuza mwenye ng'ombe alisemwa vilima vyote, na watu walihamia kwa mkuu mwingine na kumwachia milima yake mitupu. Muluzi asiye na watu alikuwa mtu mwenye jina na baridi.

Sitaki kuipamba. Nani alihesabu siku za kazi? Mkuu. Mabinti wa baluzi wenyewe hawakurithi hata kipande. Mimi ninayeandika haya sina hata pa kuotesha kitunguu. Na watu waliokosa ng'ombe walikaa na bwasa maisha yao yote. Lakini nasema kwamba cheo kilikuwa na upande wa pili, na upande huo ndio uliokatwa.

Nitawaambia ulivyokatwa nyumbani kwetu. Babu yangu alipokea kalinzi kutoka kwa familia moja katika miaka ya 1950. Watoto na wajukuu wao wako pale hadi leo, nyumba nne, migomba, makaburi. Miaka michache iliyopita mtu mwenye fedha kutoka mjini alimjia baba mdogo wangu akitaka mlima wa malisho na wa mikaratusi. Baba mdogo akauza, makaburi na yote. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Mimi ni muluzi, ardhi ni yangu." Nilishindwa kusema neno. Babu yangu kamwe asingelisema sentensi hiyo kwa mpangilio huo. Yeye angelisema kwamba kwa kuwa ni muluzi, wale watu ni wake. Ni maneno yaleyale, yamebadilishana viti tu, na familia nne ziko njiani.

Mwalimu wa Nguba

Dada yangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Ulichokieleza kina ndugu yake mbali sana, huko Uskochi.

Katika nyanda za juu za Uskochi, watu waliishi kwa koo, na mkuu wa ukoo alikuwa kama baba wa wote. Walichukua jina lake, walimfuata vitani, naye aliwagawia ardhi kwa sababu idadi ya wapiganaji ndiyo iliyokuwa utajiri wake. Mwaka 1746 koo zilizomfuata mwana wa mfalme Stuart zilishindwa huko Culloden, na baada ya hapo sheria za London ziliwaondolea wakuu mamlaka yao ya kurithi ya kuhukumu watu. Wakabaki na nini? Na ardhi, sasa kwa karatasi. Na ardhi ya karatasi haikuhitaji watu; ilihitaji kondoo, kwa kuwa kondoo walilipa zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, katika mashamba ya Sutherland, yaliyokuwa ya mwanamke aliyerithi cheo cha ukuu wa jimbo hilo tangu utotoni, maelfu ya watu waliondolewa mabondeni, nyumba zao zikachomwa, wakasukumwa pwani wakavue samaki au wapande meli kwenda Kanada. Waliowafukuza hawakuwa wageni waliowateka. Walikuwa wakuu wao wenyewe, watu wa jina lao.

Nadhani hapa ndipo tunapogusa jibu la Fundi. Ukuu wa kurithi una miguu miwili, mmoja wa kudai na mmoja wa kudaiwa. Dola mpya inapokuja, mara nyingi huukata ule wa kudaiwa na kuuacha ule wa kudai, au huugeuza kuwa umiliki. Ndiyo maana Mfaransa wa 1789 alimchukia mkuu wake zaidi kuliko babu yake wa miaka mia nne nyuma, ingawa babu ndiye aliyepigwa fimbo nyingi zaidi.

Uingereza ilijaribu njia nyingine: cheo kilimwendea mrithi mmoja tu, kwa kawaida mwana wa kwanza, na wadogo zake wakawa raia wa kawaida kisheria. Winston Churchill alikuwa mjukuu wa Duke wa Marlborough lakini hakuwa na cheo hicho, ndiyo sababu aliweza kuketi katika bunge la watu waliochaguliwa. Aliyerithi cheo hakuwa hata na ruhusa ya kukikataa mpaka ilipotungwa sheria mwaka 1963, baada ya mwanasiasa Tony Benn kuhangaika miaka kadhaa ili asiwe lodi. Na wengi wa warithi hao waliondolewa katika bunge la juu mwaka 1999, wakaachwa 92.

Mkaaji wa Katuba

Mtu anayehitaji sheria ya bunge ili awe mtu wa kawaida! Huku kwetu angelipelekwa kwa waganga.

Karani Mstaafu wa Ibanda

Nimefanya kazi ya makaratasi ya ardhi kwa muda mrefu, hivyo nitawasaidia upande huo bila kurefusha.

Katiba ya 2006, kifungu cha 12, inasema Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria. Kwa hiyo baluzi kama tabaka hawamo katika sheria ya nchi. Hawana kodi pungufu wala mahakama yao. Lakini kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila, ambayo hupatikana kwa kufuata desturi ya mahali, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 imepanga hadhi ya watemi wa kimila. Maana yake ni kwamba dola inakitambua kiti, kama alivyosema ndugu wa Katuba, na haiutambui ukoo mzima unaokizunguka. Baadhi ya watemi huingizwa hata katika bunge la jimbo bila kupigiwa kura na wananchi, wasizidi sehemu moja ya kumi ya wabunge. Mobutu katika miaka ya 1970 alijaribu kuwafanya watemi kuwa watumishi wa serikali wa kuhamishwahamishwa kama makarani. Ilishindikana upesi, kwa kuwa mtemi aliyepelekwa mlima wa wengine hakuwa mtemi wa yeyote. Kabla yake Wabelgiji walimwondoa Mwami Rugemaninzi wa Kabare katika miaka ya 1930 na kumpeleka uhamishoni, na uhuru ulipofika alirudi kitini kwake. Kiti kina mizizi ambayo ofisi haina.

Sasa ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola. Kuhusu ardhi za jamii za vijijini, kifungu cha 389 kilisema haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais, na amri hiyo haikutolewa. Katika pengo hilo ndimo baba mdogo wa Binti Walungu alimopita, na si peke yake. Mkuu hutia sahihi kwamba ardhi haina watu, ofisi hutoa cheti cha usajili, na kalinzi hubaki bila karatasi.

Binti yangu, sikiliza vizuri. Cheti kikishakaa miaka 2 kinakuwa kigumu sana kukishambulia. Utakachobaki nacho ni kudai fidia tu. Kabla ya hapo mahakama inaweza kusikiliza. Na katika kesi za kalinzi nilizoziona, wenye shamba huleta mashahidi wa upande wao, na mnunuzi huwabeza kwamba wanajitetea. Shahidi mwenye uzito ni yule wa nyumba iliyompokea ng'ombe. Mara nyingi hakuna anayekubali kusimama.

Fundi wa Kadutu

Ndugu zangu, mtoto amekwisha kuandika. Alikuwa na haraka kuliko sisi. Nimemsaidia hivi: "Noblesse ni watu wa ukoo uliopewa haki juu ya wengine kwa sababu ya kazi ambayo babu zao waliifanya, na ambao wameendelea kuzipokea haki hizo." Mwanangu akataka kuongeza "hata kazi ilipokwisha". Nikamwachia.

Neno moja sikulipata, nami sasa sioni aibu. Nimeandika "watu wa ukoo wa kitawala" na pembeni, kwenye mabano, "kama baluzi wa Bushi, lakini si kama bwami wa Balega". Mke wangu alisoma, akanyamaza kidogo, akauliza kwa nini cherehani haikutajwa.

Binti Walungu, nimeendelea kuwaza juu ya nyumba zile nne. Cheti kina muda gani?

Binti Walungu

Kina miezi kumi na minne, Kaka. Nimemuuliza wakili leo asubuhi, naye amesema maneno yaleyale ya Mzee Karani, ila kwa bei.

Nilipanda Walungu jana kumwona bibi yangu, mjane wa babu. Ana miaka zaidi ya themanini na masikio yake yamechoka, hivyo ilinibidi nipaze sauti mpaka majirani wakajua kesi nzima. Nilimuuliza kama anamkumbuka ng'ombe wa watu wale. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. Alikuwa mtamba mwekundu, alisema, mwenye baka jeupe pajani na pembe moja iliyoinama mbele, na alizaa mara tano. Ndama wa tatu ndiye aliyelipa ada ya shule ya baba mdogo.

Nilimwambia atatakiwa kuyasema hayo mahakamani, mbele ya mwanawe. Alikaa kimya, akachezea ncha ya kitenge chake. Kisha akasema atakwenda, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yule aliyanywa yeye, na hakuna hakimu atakayemwambia kwamba hakuyanywa. Ameomba jambo moja tu: asipandishwe pikipiki.

Fundi wa Kadutu

Mteja wangu mmoja ana gari dogo na ananidai suti. Nitajie tarehe.